Neno "Kenyan": Lilizaliwa Mlimani, Likafika Kipsongo



Kipsongo ni mtaa wa watu maskini ulio kandokando ya mji wa Kitale, katika nchi ya Trans Nzoia. Wakazi wake walio wengi ni Waturkana, na vibanda vyao vya fito, vilivyofunikwa kwa nailoni, maboksi na matambara, bado vina umbo la mviringo kama nyumba za huko kwao kaskazini. Hawakuja wote siku moja. Walisukumwa kusini na ukame, na wengine na wezi wa mifugo waliowaacha bila mbuzi hata mmoja. Majirani zao husema Lubukusu, au lugha za Kikalenjin, au Kikuyu, na wote hukutana katika Kiswahili wakiwa sokoni.

Sasa liko jambo ambalo mgeni akilisikia mara ya kwanza hudhani amesikia vibaya. Kwa muda mrefu Waturkana wengi, wakianza safari ya kutoka Lodwar kuja kusini, wamekuwa wakisema kwamba wanakwenda "Kenya". Lodwar iko ndani ya Kenya. Iko karibu kilomita 300 kutoka Kitale, na mpaka wa nchi u mbali zaidi upande wa pili. Lakini katika maneno yao Kenya ilianzia mahali fulani njiani, baada ya milima ya Pokot, na Kitale ndio uliokuwa mji wake wa kwanza. Kwa hiyo aliyejenga kibanda chake Kipsongo alikuwa, kwa maneno yake mwenyewe, amehamia Kenya.

Msemo huo haukutokana na ujinga. Una sababu zake, na sababu hizo zitaonekana neno lenyewe likifuatwa tangu lilikotoka. Neno la Kiingereza "Kenyan", ambalo kwa Kiswahili husemwa Mkenya, halikuanza kuwa jina la mtu. Lilianza kuwa jina la mlima, kisha likawa jina la nchi, na mwisho kabisa likawa jina la watu. Katika kila hatua wako waliokuwa ndani ya neno, na wako walioachwa nje.

Na tuanze na mlima. Tarehe 3 Disemba mwaka wa 1849, Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kiingereza cha Church Missionary Society, alikuwa Kitui katika Ukambani, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba. Siku hiyo mawingu yalitawanyika, naye akaona kwa mbali vilele viwili vyenye weupe. Wenyeji wake walimwambia jina, naye akaliandika kama sikio lake lilivyolipokea: mara "Kegnia", mara "Kenia". Jina la Kikamba lilikuwa Kiinyaa, na maana yake huelezwa kuwa ni mlima wa mbuni, kwa sababu mawe yake meusi yaliyochanganyika na theluji hufanana na manyoya ya mbuni dume, meusi yenye ncha nyeupe. Wakikuyu, walio karibu zaidi na mlima huo, huuita Kirinyaga. Majina hayo mawili ni ndugu, lakini lililofika Ulaya kwanza ni lile la Wakamba, tena likiwa limepunguzwa kwa kalamu ya mtu aliyelisikia kwa mbali.

Huko London wako wataalamu waliomcheka Krapf. Walisema haiwezekani theluji ikakaa kwenye Ikweta. Iliwabidi wangoje miaka mingi hadi wasafiri wengine walipofika karibu zaidi na kuthibitisha. Krapf alifariki mwaka wa 1881, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka uliofuata, kwa hiyo ana sifa mbili: alitoa jina, na alikusanya maneno. Ni haki kusema kwamba katika kazi ya pili sikio lake lilikuwa kali zaidi.

Mtu wa Kipsongo akisikia habari hizi anaweza kuuliza mlima huo unamhusu nini. Swali hilo ni la haki. Kutoka Kitale hadi Mlima Kenya ni zaidi ya kilomita 250 kwa mstari ulionyooka. Mlima unaoonekana Kitale kila asubuhi ni Elgon, ambao Wabukusu na ndugu zao Wagisu wa Uganda huuita Masaba. Laiti nchi zingepewa majina kwa mlima ulio karibu, mtu wa Kitale angekuwa na jina jingine kabisa leo.

Lakini majina ya nchi hutolewa ofisini, na ofisi ilikuwa mbali. Tangu mwaka wa 1895 nchi hii iliitwa East Africa Protectorate, jina ambalo lilionyesha upande tu, kana kwamba mtu amwite mwanawe "Wa Mashariki". Mlima ulikuwa tayari umelitoa jina lake kwa jimbo moja, jimbo la Kenia. Ndipo mwaka wa 1920 Serikali ya Uingereza ilipoifanya nchi kuwa koloni, ikatafuta jina jipya, ikachukua lile la mlima na kulitandaza juu ya nchi nzima, kutoka karibu na bahari hadi Ziwa Victoria. Ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar uliitwa Kenya Protectorate, kwa kuwa haukuweza kuitwa koloni.

Hapa inafaa kusahihisha hadithi moja inayopendwa sana, kwamba nchi iliitwa Kenya kwa heshima ya Jomo Kenyatta. Mwaka wa 1920 Kenyatta alijulikana kwa jina la Johnstone Kamau. Jina la Kenyatta lilimjia baadaye, kwa sababu ya mkanda wa ushanga aliopenda kuuvaa. Majina hayo mawili yalikutana kwa bahati, na ni bahati iliyomfaa sana mwanasiasa.

Kuhusu matamshi, Waingereza wengi wa zamani walivuta sauti ya kwanza, wakasema kana kwamba limeandikwa "Kiinya". Wenyeji walio wengi walisema Kenya, na baada ya uhuru matamshi hayo ndiyo yaliyotawala redioni. Mpaka leo, Mwingereza mzee akisema "Kiinya", anayemsikiliza hujua mara moja aliijua nchi hii wakati gani.

Basi mipaka ya nchi iliyopewa jina hilo ilikuwa wapi? Hapo ndipo Kitale na Turkana zinapoingia katika habari hii.

Kabla ya tarehe 1 Aprili mwaka wa 1902, mahali panapoitwa Kipsongo hapakuwa ndani ya East Africa Protectorate hata kidogo. Palikuwa Uganda. Jimbo la mashariki la Uganda lilifika hadi Naivasha, likazichukua Kisumu, Bungoma, Trans Nzoia na Nandi. Reli ilipofika ziwani mwishoni mwa mwaka wa 1901, Serikali iliona ni shida njia moja ya gari la moshi kuwa chini ya tawala mbili, basi jimbo zima likahamishwa kwa maandishi. Hakuna aliyefunga mzigo. Mbukusu aliyelala Mganda wa sheria aliamka akiwa mtu wa nchi nyingine, wala hakuambiwa. Nduguye wa upande wa pili wa Masaba alibaki Uganda.

Turkana ilikaa zaidi. Iliingizwa Kenya mwaka wa 1926. Mzee aliyezaliwa kandokando ya mto Turkwel mwaka wa 1920 alizaliwa Uganda kwa mujibu wa ramani, na akawa wa Kenya akiwa na umri wa miaka sita, ingawa ng'ombe wa baba yake waliendelea kunywa maji katika mto uleule. Mambo haya hayakusahaulika. Mwezi wa Februari mwaka wa 1976, Rais Idi Amin wa Uganda alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ya nchi yake zamani. Kwa habari za kale hakuwa amekosea sana, na ndiyo sababu maneno yake yalileta hofu kubwa. Lakini Rais Kenyatta alijibu kwamba Kenya haitatoa hata inchi moja, na Amin akanyamaza.

Hata baada ya mwaka wa 1926 jina la Kenya halikumfikia Mturkana kama lilivyomfikia mtu wa Nyeri au wa Kisumu. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuweza kuingia bila kibali, na mwenyeji hakuweza kutoka apendavyo. Hapakuwa na reli, na shule zilikuwa chache mno. Reli ilifika Kitale mwaka huohuo wa 1926 ikaishia hapo. Trans Nzoia, ambayo jina lake maana yake ni ng'ambo ya mto Nzoia kwa mtu anayetoka upande wa Eldoret, ilikuwa imegawanywa mashamba kwa masetla wa Kizungu, wengi wao askari waliopewa ardhi baada ya vita vya mwaka wa 1914 hadi 1918. Huko ndiko kulikokuwa na maduka, barabara, mahindi na kazi ya mshahara. Kwa hiyo Mturkana aliposema "Kenya", alikitaja kile alichokiona: nchi ya magari na mashamba iliyo nyuma ya kizuizi cha barabarani. Alilielewa neno hilo kama Serikali yenyewe ilivyolitekeleza.

Liko jambo la ajabu katika habari ya Kapenguria, mji mdogo ulio kaskazini ya Kitale. Mwishoni mwa mwaka wa 1952 Jomo Kenyatta na wenzake watano waliletwa huko kuhukumiwa, na kwa kuwa mji haukuwa na nyumba ya wageni, mawakili wao, akiwamo Bwana D. N. Pritt kutoka Uingereza, walilala Kitale na kusafiri kila siku. Baada ya hukumu ya Aprili mwaka wa 1953, Kenyatta alipelekwa Lokitaung, na baadaye Lodwar. Kwa muda wa miaka minane hivi, mtu ambaye angekuwa mkuu wa kwanza wa taifa la Kenya aliwekwa katika nchi ambayo wenyeji wake walisema haiko Kenya. Waliompeleka huko walikuwa na fikira ileile. Walimwondoa Kenya bila kumvusha mpaka.

Sasa tufike kwa mtu. Neno "Kenyan" limeundwa kwa jina la nchi na herufi "n" ya mwisho, ambayo ni mabaki ya kiungo "-an". Kiungo hicho kilitoka katika Kilatini, "-anus", kikapita katika Kifaransa, kikaingia Kiingereza. Maana yake ni "wa" au "mwenye kuhusiana na". Ndicho kilichomo katika "Roman", mtu wa Roma, na katika "African". Waingereza huweka alama ya utu mwishoni mwa jina. Wabantu huiweka mwanzoni: Mkenya, Omubukusu. Waturkana pia huiweka mwanzoni, nao hujiita Ng'iturkana. Kwa hiyo hakuna lugha ya Kipsongo iliyoshindwa kulipokea neno hili kwa sababu ya umbo lake.

Kilichokosekana ni sheria. Katika miaka ya ukoloni hapakuwa na mtu aliyekuwa "Kenyan" mbele ya hakimu. Baada ya sheria ya uraia ya Uingereza ya mwaka wa 1948, aliyezaliwa ndani ya koloni alikuwa raia wa Uingereza na Makoloni, na aliyezaliwa katika ukanda wa Sultani alikuwa mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza. Hayo ni maneno ya pasipoti, na wenye pasipoti walikuwa wachache. Neno lililomfikia mtu wa kawaida katika maisha yake lilikuwa "native".

Neno hilo lina jamaa asiyetarajiwa. "Native" limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kuzaliwa. Na "nation", yaani taifa, limetoka katika neno lilelile. "Natio" kwa Kilatini ilikuwa uzazi, kisha watu wa uzazi mmoja. Katika chuo kikuu cha Paris zamani za kati, wanafunzi waligawanywa katika "nationes" nne kwa kufuata nchi walizotoka, na kila moja ilikuwa na viongozi wake. Basi maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Lakini katika Kenya ndugu mmoja alipewa Mwafrika, na wa pili akazuiliwa. Palikuwa na mabaraza ya "native", ardhi za "native", mahakama za "native", na hasa sheria ya kuandikisha "native" ya mwaka wa 1915, iliyoanza kutumika sana baada ya vita.

Sheria hiyo ndiyo iliyoleta kipande. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, na habari za kazi na mshahara, naye aliibeba ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inia shingoni. Hilo lilichukiwa kuliko kodi yenyewe. Mwaka wa 1947 sheria mpya iliwaandikisha watu wa rangi zote, na kile kijaluba kikaondoka, lakini jina likabaki. Hata leo, vijana ambao babu zao ndio walioning'iniziwa bati lile husema wanakwenda "kuchukua kipande", wakiwa na maana ya kitambulisho cha taifa. Wanawake waliandikishwa baadaye sana, kuanzia mwaka wa 1978. Kwa miaka 15 ya kwanza ya uhuru, mama wa Kipsongo au wa Bungoma hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba yeye ni nani.

Kiswahili nacho kililazimika kutafuta maneno. Yale yaliyochaguliwa yana historia yake, na si mbaya kuijua. Taifa limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kundi au sehemu ya watu. Mombasa ilikuwa na mataifa kumi na mawili, Thelatha Taifa na Tisa Taifa, na kila moja lilikuwa watu wa mji fulani wa asili ndani ya mji mmoja. Kwa hiyo neno hilohilo ambalo leo huwakusanya watu wote wa nchi, jana liliwagawanya watu wa kisiwa kimoja. Raia nalo ni la Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kundi la mifugo linalochungwa, kisha watu wanaotawaliwa na mfalme. Kiingereza kilichukua njia nyingine: "citizen" ni mtu wa mji mwenye haki zake mjini. Neno moja limetoka malishoni, la pili limetoka ndani ya kuta za mji. Mturkana aliyepoteza kundi lake lote na kuja kukaa ukingoni mwa mji wa Kitale alikuwa amepungukiwa pande zote mbili. Mwananchi ni neno la Kiswahili halisi, na wanasiasa wa miaka ya 1960 walilipenda kwa sababu hiyo.

Siku ya uhuru, tarehe 12 Disemba mwaka wa 1963, ndipo sheria ilipomtambua Mkenya kwa mara ya kwanza. Aliyezaliwa Kenya, na mmoja wa wazazi wake akawa amezaliwa Kenya, alikuwa raia tangu siku hiyo bila kuomba. Wengine waliostahili walipewa miaka miwili waombe kuandikishwa. Jina la mlima lilikuwa limengoja miaka 114 tangu Krapf, na miaka 43 tangu koloni, kabla halijamkaa mtu.

Wako wanaodhani kwamba majina ya makabila ni ya milele, na hili la Mkenya ndilo geni. Katika upande huu wa nchi si kweli. Wabukusu waliitwa Kitosh katika vitabu vya Serikali, jina walilopewa na wengine na wasilolipenda, mpaka miaka ya 1950, ambapo juhudi za wazee wao, akiwamo Pascal Nabwana, zilifanya jina lao wenyewe litumike. Kalenjin maana yake ni "nakuambia", nalo lilishika katika miaka ya 1940 kwa sauti ya redio wakati wa vita na kwa vijana waliokuwa shuleni, ambao walitaka jina moja kwa ajili ya Nandi, Kipsigis, Tugen, Keiyo na wenzao. Jina la Abaluyia nalo lilishika kizazi hichohicho. Babu wa Kitale aliyezaliwa mwaka wa 1900 angeweza kuishi maisha yake yote bila kuitwa Mluhya wala Mkalenjin kabla hajafika utu uzima. Neno Kenya kwa jina la nchi ni la mwaka wa 1920. Kwa umri, basi, Mkenya hawezi kudharauliwa na Mkalenjin.

Hata hivyo majina haya yamemwaga damu. Mwaka wa 1962, tume ya mipaka ya majimbo ilipopita, viongozi wa Wabukusu walitaka Trans Nzoia iungane na Bungoma katika Jimbo la Magharibi. Ikawekwa katika Jimbo la Bonde la Ufa. Mashamba ya masetla yaligawanywa na kununuliwa na watu wa makabila mengi. Kisha mwishoni mwa mwaka wa 1991 na katika mwaka wa 1992, siasa za vyama vingi zilipoanza, watu walichomewa nyumba katika Trans Nzoia na katika eneo la Mlima Elgon, wakaambiwa warudi "kwao". Waliitwa madoadoa, kana kwamba nchi ni nguo safi nao ni uchafu. Wengi wa walioambiwa hivyo walikuwa wamezaliwa kwenye mashamba hayohayo. Kitambulisho kilikuwa mfukoni, kina neno Kenya, wala hakikuzuia kiberiti. Mambo kama hayo yalirudi katika mwaka wa 2007 na 2008.

Katiba iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti mwaka wa 2010 ilijaribu kulipanua neno kwa vifungu vilivyo wazi. Kifungu cha 14 kinasema kwamba mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku alipozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia, hata kama hakuzaliwa Kenya. Maneno hayo "mama yake au baba yake" yanaonekana madogo, lakini chini ya katiba ya zamani mama Mkenya aliyejifungua ng'ambo hakuweza kumrithisha mtoto uraia wake. Kifungu hichohicho kinasema mtoto aliyeokotwa ndani ya Kenya, anayeonekana hajafikia miaka minane, na wazazi wake hawajulikani, huhesabiwa kuwa raia. Katika mitaa kama Kipsongo, ambako watoto wengine hulelewa na barabara, hilo si jambo la vitabuni. Na kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi mahali popote katika Kenya. Hapo ndipo neno "kwao" lilipopoteza nguvu yake ya sheria, ijapokuwa midomoni bado lipo.

Lakini haki iliyoandikwa hudaiwa kwa karatasi nyingine. Kijana akitaka kitambulisho hutakiwa kuleta cheti cha kuzaliwa au vitambulisho vya wazazi, na chifu au naibu wake athibitishe kwamba anamjua. Aliyezaliwa katika kibanda, na mama asiye na karatasi, na baba aliyerudi kaskazini kutafuta mbuzi asionekane tena, ana safari ndefu kuliko ile ya Lodwar. Bila kitambulisho hawezi kupiga kura, wala kufungua hesabu ya benki, wala kusajili laini ya simu kwa jina lake.

Wako waliongoja zaidi. Wamakonde, ambao wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya pwani, walikaa vizazi kadhaa bila kuwa raia wa nchi yoyote. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kulidai jina hili, na kabla ya mwaka kwisha wakaanza kupewa vitambulisho. Hao walitaka kuingia ndani ya neno kwa nguvu zao zote. Wengine walitaka wabaki na hilo tu: katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2009, walipoulizwa kabila, watu 610,122 walijibu kwamba wao ni Wakenya, na wakaandikwa hivyo.

Kadi za kitambulisho zilizoanza kutolewa mwaka wa 1995 zina maandishi mawili juu, JAMHURI YA KENYA upande mmoja na REPUBLIC OF KENYA upande wa pili. Chini yake pana nambari, jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, wilaya ya kuzaliwa, na mahali kadi ilipotolewa. Kabila, lililoandikwa katika kipande cha kale, halimo. Nyuma ya kadi imeandikwa wilaya, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo, na kila askari wa barabarani kati ya Kitale na Lodwar anajua kuigeuza.